Nani Anadokoa Wali Wangu?

Watu wananiita Mama Macho. Msidhani ni kwa sababu ya uzuri wa macho yangu. Ni kwa sababu sikosi kuangalia. Vijiko vyangu navihesabu mara mbili. Mteja akisema, "Mama, nimeshalipa," namtazama mpaka anaanza kujishuku mwenyewe. Sikatai. Ndivyo nilivyo, na kwa miaka mingi niliona kwamba hiyo ndiyo akili.

Nina mgahawa mdogo wenye meza sita. Mkabala na mlango wangu kuna kibanda cha mume wangu. Yeye ni fundi cherehani. Upande wa kushoto kuna karakana ya mbao, na nyuma yake kuna shule. Mchana maseremala, walimu na wapita njia wanakula kwangu.

Mpishi wangu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alfajiri mimi naenda sokoni, yeye anawasha moto. Kila siku tunapika kilo kumi za mchele na sufuria moja kubwa la maharage. Mboga za majani tunapika kidogo, za kupamba sahani tu. Yeye ndiye anayepakua. Mimi nakaa mlangoni, napokea pesa na kuangalia.

Wifi hapimi kwa kikombe, anapima kwa jicho. Mimi mwenyewe nilimfundisha siku yake ya kwanza jikoni.

"Wifi, unauona huu mstari wa rangi kwenye ukingo wa sahani?" nilimwambia. "Wali ufike hapo. Ukivuka mstari, unanifilisi. Usipoufikia, unawapunja watu."

"Sawa, wifi," alijibu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kilo kumi za mchele zilitoa sahani sabini. Zikizidi, zinazidi mbili. Zikipungua, inapungua moja. Watu wote walishiba, na mimi nililala usingizi mzuri.

Halafu mambo yakaanza kuharibika.

Siku moja, saa nane kasoro, nilisikia mwiko ukigonga sufuria tupu.

"Wali umekwisha," wifi alisema.

"Umekwisha vipi? Mwalimu wa hesabu hajala."

Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, chaki mikononi. Yeye hutoka darasani karibu saa nane. Alitazama sufuria, akanitazama mimi, akaenda zake kununua mkate. Nilimwomba radhi. Nikajiambia, labda leo watu wamekuwa wengi.

Kesho yake wali ukaisha saa saba na nusu. Keshokutwa, hivyo hivyo. Wiki ya pili Mwalimu hakula kwangu hata siku moja. Nikahesabu sahani zilizooshwa. Hamsini. Nikahesabu tena. Hamsini!

Mchele ni ule ule, kilo kumi, naupima mwenyewe kwenye mizani. Sufuria ni lile lile. Sasa sahani ishirini zimekwenda wapi? Wali hauna miguu. Jikoni kuna mtu mmoja tu.

Jamani, shaka ikiingia moyoni haitoki kirahisi. Nilianza kumchunguza wifi. Akiinama, naangalia anaokota nini. Akienda uani, namfuata kwa kisingizio cha kutafuta ufagio. Siku moja alipokwenda kuchota maji, nilifungua mkoba wake. Nilikuta kitana, leso na kitambaa cha kichwa. Badala ya kuona aibu, nikasema moyoni, "Kumbe mjanja. Haweki humu."

Wifi ana kuku wanne nyumbani kwake. Hata hao niliwatazama kwa jicho baya. Mbona wamenona hivi? Wanakula nini?

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mume wangu alikuwa amebadilika. Mkanda wake wa suruali aliutoboa tundu jipya, kisha lingine, maana suruali ilikuwa inamshuka. Akila mchana, analala juu ya cherehani kama mtu aliyepigwa rungu. Anakunywa maji mtungi mzima. Na kila Alhamisi asubuhi anatoka, hasemi anakwenda wapi.

"Ulikuwa wapi?" namuuliza.

"Nilikwenda kutafuta vifungo."

Vifungo! Kila Alhamisi vifungo?

Tena nikamkuta mara mbili akinong'ona na dada yake nyuma ya jiko. Waliponiona, wakanyamaza. Wifi akajifanya anapuliza moto. Mume wangu akajifanya anatazama mawingu. Mimi nikapita kimya, lakini damu ilikuwa inachemka. Kaka na dada wana siri, na mimi ndiye ninayeibiwa.

Kisha nikaliona bakuli.

Lilikuwa bakuli la bluu lenye kifuniko. Saa saba kamili wifi alilichukua chini ya meza ya jikoni, akalifunika kwa kanga, akatokea mlango wa nyuma. Alizunguka, akaingia kibanda cha mume wangu. Akatoka bila bakuli. Kesho yake nikatega jicho. Akafanya vile vile. Basi nikasema, huyu leo nimemkamata. Anapitisha chakula kwa kaka yake, na kutoka hapo sijui kinakwenda wapi.

Siku ya tatu nilimngoja. Mgahawa ulikuwa umejaa. Wifi alipogusa tu mlango wa nyuma, nilipaza sauti.

"Wifi! Simama hapo hapo."

Vijiko vikatulia. Watu wote wakageuka.

"Bakuli hilo lina nini?"

"Chakula, wifi," alisema polepole.

"Cha nani?"

Alilifunika bakuli vizuri kwa kanga. Kule kulifunika ndiko kulikonipandisha wazimu. Nikawageukia wateja.

"Mnaona jamani? Kila siku watu wanakosa wali hapa, wananilaumu mimi. Kumbe mdokozi tunaye humu ndani!"

Nikamnyang'anya bakuli. Nikafungua kifuniko mbele ya watu wote. Nilikuwa na hakika nitakuta wali umeshindiliwa na nyama juu yake.

Ndani mlikuwa na kabichi. Kabichi ya kuchemsha, maharage kidogo, na wali wa kujaa kiganja. Basi.

Seremala mmoja alicheka puani. Hapo ningefunga mdomo wangu, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi ni mimi.

"Hiki ni cha leo," nilisema. "Vya siku zote ulivipeleka wapi?"

Wifi alinitazama. Machozi yalimjaa, lakini hayakudondoka.

Mume wangu alikuwa amesikia kelele. Alivuka barabara mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ni changu," alisema akihema. "Chakula hicho ni changu. Mimi nilimwomba."

"Chako? Wewe huli kwenye sahani kama watu wengine?"

"Nina sukari, mke wangu."

Mume wangu alishusha sauti, lakini kila mtu alisikia.

"Nilipimwa kliniki. Sukari iko juu. Alhamisi ndiyo siku yangu ya kurudi. Daktari amenipa vidonge na ameniambia nipunguze wali, niongeze mboga. Nilimwambia dada yangu anisaidie."

"Na mimi je? Mimi si mke wako?"

"Ningekwambia vipi? Nikibakiza punje moja ya wali, unaniuliza kama nimekula kwa mwanamke mwingine."

Watu waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Ni kweli, nimemwambia hivyo si mara moja.

Wifi alivua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka mezani mbele yangu.

"Miaka mitatu nimekupikia, wifi," alisema. "Kama nimekula punje yako, nimekula mbele yako. Leo umenivua nguo mbele ya watu. Mimi nimekoma."

Akatoka kwa mlango wa mbele, kichwa juu. Hakuna aliyemzuia, hata mimi.

Nyumbani mume wangu alikunywa vidonge vyake waziwazi mbele yangu, akakaa anatazama ukuta.

"Dada yangu hana kazi nyingine," alisema mwishowe. "Na mimi sina dada mwingine. Kama hatarudi kwako, hatarudi kwangu pia. Umeyafikiria hayo?"

Roho iliniuma. Lakini nitasema ukweli, bado nilikuwa na shaka. Kabichi nimeiona, sawa. Lakini sahani ishirini za wali, je? Hizo hazikuingia kwenye bakuli lile.

"Kesho nitapika na kupakua mwenyewe," nilimwambia. "Zikifika sahani sabini, basi dada yako alikuwa anaiba."

"Na zisipofika?"

"Zitafika."

Alitikisa kichwa tu.

Kesho yake nilifanya kila kitu kwa mkono wangu. Nilipima kilo kumi. Nilipika. Nilifunga mlango wa nyuma kwa kufuli. Kando yangu niliweka kikombe, na kila sahani niliyopakua nilidondosha ndani yake punje moja ya maharage mabichi, nisije nikasahau hesabu. Wali nilifikisha kwenye mstari, sikuvuka, sikupunguza.

Saa sita na nusu aliingia mwanamke mwenye shati jeupe na faili kwapani. Nilimjua. Huyu ndiye afisa afya, watu wanamwita Bi Afya. Miezi mitatu nyuma alikuwa amekagua mgahawa wangu, akasema sahani zangu za bati zimebanduka rangi na zina kutu, nizitoe. Nilizitoa. Sasa amerudi kutafuta nini? Nikajua tu, amekuja kunifungia. Au ametumwa na wenye mgahawa wa barabara ya pili.

"Naomba chakula, mama," alisema.

"Chakula tu?"

"Chakula tu. Nina njaa."

Nilimpakulia huku nikimwangalia kwa pembe ya jicho. Alikula polepole. Alipofika nusu, aliweka kijiko chini, akasukuma sahani. Moyo ukanipasuka. Kwangu mimi, mtu kubakiza chakula ni kunitukana.

Lakini sikuwa na nafasi ya kumuuliza. Watu walikuwa wanaingia. Napakua, nadondosha punje, napakua, nadondosha punje. Mara mwiko ukagonga chini.

Sufuria lilikuwa tupu. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na nusu.

Nikamwaga punje mezani, nikahesabu. Arobaini na tisa. Nikahesabu tena. Arobaini na tisa. Nikachungulia chini ya jiko, labda kuna panya. Nikatazama kufuli ya mlango wa nyuma. Iko pale pale. Jikoni tulikuwa wawili tu, mimi na sufuria.

Nikakaa kwenye gunia la mkaa.

"Mama, unahesabu nini?" Bi Afya aliuliza. Alikuwa bado amekaa.

"Mambo yangu."

"Umebadilika rangi. Unaumwa?"

"Wewe umekuja kunifungia mgahawa, sema tu."

"Mimi? Nimekuja kula. Mgahawa wako ni safi kuliko mingi."

"Mbona umebakiza? Chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Ni kitamu sana. Ila nimeshiba, mama. Sahani hii ni ya watu wawili."

Kwenye meza ya jirani kulikuwa na yule seremala aliyecheka jana. Alikuwa amelegeza mkanda, macho yamelegea, anasinzia. Aliposikia hivyo alifumbua jicho moja.

"Watu wawili? Mimi namaliza peke yangu."

"Unamaliza," Bi Afya alisema. "Na ukimaliza unajisikiaje?"

"Nalala. Tajiri wangu analalamika kweli. Jana nimekata ubao mfupi kwa usingizi."

"Na kama mama angekupakulia pungufu ya hapo, ungelalamika njaa?"

Seremala alifikiri. "Sijui. Mimi nakula kinachowekwa."

"Hapo hapo!" alisema Bi Afya. "Wengi wetu hatuulizi tumbo limeshiba au la. Tunauliza sahani imekwisha au la. Ukiwekewa kidogo, unamaliza. Ukiwekewa kingi, unamaliza vile vile. Tangu tukiwa watoto tumeambiwa tusibakize."

Nilikuwa nasikiliza nusu nusu. Akili yangu ilikuwa kwenye zile punje.

"Bi Afya," nilisema, "hebu niambie wewe msomi. Kilo kumi za mchele zilikuwa zinalisha watu sabini. Sasa zinalisha hamsini. Nani anaiba?"

"Tangu lini?"

"Kama miezi mitatu, lakini nimeishika vizuri mwezi huu. Kabla ya hapo watu wa saa nane walikuwa likizo, shule imefungwa."

"Miezi mitatu iliyopita ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu. Mchele ule ule, sufuria lile lile, mpishi yule yule."

"Sahani je?" alisema seremala, macho yamefumbwa. "Si ulitoa zile za bati ukaleta hizi pana? Tulifurahi sana siku ile."

Nikainua sahani mpya. Nyeupe, pana, ina mstari wa kijani ukingoni. Nilizichagua mwenyewe dukani, nikaringa nazo mtaa mzima. Sahani moja tu ya bati ilikuwa imebaki, naitumia kufunikia ndoo ya maji. Bi Afya akaniomba niilete. Nikaiosha. Nikachukua sahani mpya, nikamimina maji mpaka kwenye mstari. Kisha maji yale nikayahamishia kwenye sahani ya zamani.

Sahani ya zamani ikajaa mpaka mstari wake. Na kwenye ile mpya maji yalikuwa bado yapo, karibu nusu ya sahani nyingine.

Nikaziweka sahani zote mbili mezani, kando kando.

"Mwizi wako ni huu mstari," Bi Afya alisema kwa upole.

Si mstari. Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema wali ufike kwenye mstari. Mimi ndiye niliyenunua sahani. Wifi alishika neno langu vile vile nilivyomwambia, na mimi nikamwita mdokozi. Na kwa miezi mitatu, mume wangu, mtu anayekaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni, nimemjazia sahani ya watu wawili na kumkasirikia asipoimaliza. Nilijifunika uso kwa aproni ya wifi, nikalia.

Bi Afya aliniacha nilie. Nilipotulia, akanieleza, nami niliyashika maneno yake.

"Sikwambii chakula ndicho kilichomletea mumeo sukari peke yake," alisema. "Ugonjwa huo una sababu nyingi. Lakini wali mwingi kila siku na kukaa bila kutembea vinaupandisha. Igawe sahani kwa macho. Nusu iwe mboga. Robo iwe wali, au viazi, au chochote cha wanga. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki au nyama. Tunda likiwepo, vizuri. Kinywaji, maji."

"Watasema nawapunja."

"Waambie wale polepole. Tumbo halitoi taarifa ya kushiba papo hapo. Linachukua kama dakika ishirini. Mtu anayekula mbio anashiba bila kujua, anaendelea kujaza."

"Na seremala huyu? Anapiga randa siku nzima. Utamlinganisha na fundi cherehani?"

"Hapana, hapo umesema vizuri. Anayefanya kazi nzito anahitaji zaidi. Ndiyo maana usiamue kwa sahani. Anza na kiasi, mtu akihitaji aongeze. Na mumeo asiache vidonge vyake wala kliniki. Sahani haichukui nafasi ya daktari."

Jua lilikuwa bado lipo nilipokwenda kwa wifi. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Hakuinuka.

"Karibu," alisema, kama unavyomkaribisha mtu wa kudai kodi.

Nilimweleza yote, sahani, mstari, maji. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nisamehe, wifi," nilisema.

"Wakati unaniita mdokozi, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mgahawani."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Nani alikuwepo?"

"Watu wote."

"Basi maneno hayo uliyonayo yapeleke hapo hapo, saa hiyo hiyo, mbele ya watu hao hao. Hapa uani kwangu wanayasikia kuku tu. Kuku hawakuniita mwizi."

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Kumwomba radhi mtu mbele ya wateja wangu? Mimi Mama Macho? Lakini nilimwona mume wangu amekaa kimya na vidonge vyake, nikajua sina njia nyingine.

Siku iliyofuata nilipika mboga sufuria zima. Wali nilipima kwa kikombe, kikombe kimoja kila sahani. Saa saba wifi akaja. Alikaa kwenye benchi la nyuma, mkoba mapajani.

Watu walipoona sahani zao, minong'ono ikaanza.

"Leo kuna nini? Naona rangi ya sahani mpaka katikati!"

"Majani yote haya, sisi mbuzi?"

"Mnashangaa nini? Ndiyo sababu kamfukuza mpishi, ili atupunje vizuri."

"Ametusingizia mwizi, kumbe mwizi ni yeye."

Meza zote sita zilinigeukia. Walinitazama vile vile ninavyowatazama wao siku zote. Eti mimi mwizi! Nilitaka kufoka, lakini nikamwona wifi kule nyuma, nikajua sasa nimeonja alichoonja yeye.

Nikasimama katikati.

"Juzi hapa hapa nilimwita wifi yangu mdokozi," nilisema. "Nilisema uongo. Hakuiba hata punje. Niliwaletea sahani kubwa bila kupima, nikamwamuru ajaze, chakula kikaisha, nikamsingizia yeye. Wifi, mbele ya watu hawa, nimekukosea. Nakuomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Nikawaeleza yale ya Bi Afya. Nikasema, "Kuleni polepole. Ukimaliza, kaa dakika ishirini. Kama bado una njaa, njoo na sahani yako, nakuongezea bila malipo. Asiyeamini aangalie saa ya ukutani."

Wakaangalia kweli. Yule seremala alikula, akafuta mdomo, akakaza macho kwenye saa kama mtu anayengoja basi. Dakika ishirini zilipofika aliinuka nusu, akashika tumbo, akakaa tena.

"Ajabu," alisema. "Njaa imeondoka bila kuaga."

Waliokuja kuongezewa walikuwa tisa. Saba ni wapasua magogo wa karakana, na walikuwa na haki, kazi yao ni ya nguvu. Siku hizi hao wana sahani yao kubwa na bei yake. Wengine wana sahani ya kawaida. Anayetaka ndogo anasema, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Saa nane Mwalimu wa hesabu alichungulia mlangoni. Hakutaka hata kuingia, mpaka nilipomwita. Nilipomwekea sahani mbele yake, aliigeuza geuza.

"Hii ni ya leo?" aliuliza. Hata yeye, maskini, alikuwa hatuamini tena.

Nani alikuwa amempakulia? Wifi. Sikumwona alipoinuka. Nilisikia tu maji yakimwagika, nikageuka, nikamwona amefunga aproni, ananawa mikono. Hakunisemesha neno siku nzima. Wiki ile yote alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Na mimi nilihamisha kiti changu. Sasa nakaa nikitazama barabara, jiko nimeligeuzia mgongo.

Mume wangu sasa anatembea nusu saa kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Anakula hadharani, kwenye meza ya mbele. Akishiba anabakiza, anasema "Nimeshiba," nami naondoa sahani bila maswali. Mwanzoni nilikuwa nauma ulimi. Sasa nimezoea.

Baada ya miezi mitatu tulikwenda kliniki pamoja, sote watatu. Daktari alisoma karatasi, akatabasamu. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Vidonge ataendelea navyo, na safari za kliniki pia, lakini njia tuliyoishika ndiyo. Mume wangu alitoka pale anatembea kama bwana harusi.

Njiani alitutangulia. Nikabaki nyuma na wifi. Nilikuwa na swali lililonikaa rohoni siku zote hizo.

"Wifi," nilisema, "umenisamehe?"

Alinitazama usoni.

"Nimekupakulia robo," alisema. "Kaa nayo kwanza. Ukiona haitoshi, utarudi kuomba nyongeza."

Sikubisha. Robo hiyo niliipokea kwa mikono miwili.